Hakimu Akiulizwa, Ajibu Nini?

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona sinema ya Kimarekani iitwayo Douze hommes en colère, iliyotengenezwa na Sidney Lumet mwaka 1957. Raia 12 wamefungiwa chumbani wakate shauri la kijana anayeshtakiwa kumwua baba yake. Mwanzoni 11 wasema ana hatia. Mmoja tu, anayechezwa na Henry Fonda, aomba kwamba kwanza wazungumze.

Sinema hii twaisifu. Mahali palipotupendeza zaidi ni pale wanapopima mwendo wa shahidi mzee. Mzee huyo alisema alifika mlangoni kwa sekunde 15. Fonda aenda akichechemea kama yeye, na saa yaonyesha 41. Hakuna hotuba, ni miguu na saa tu, na ushahidi umeanguka.

Lakini tuna neno la kuilaumu. Hakimu twamwona mwanzoni tu, akitoa maagizo kama mtu aliyechoka: mkiwa na shaka ya haki, mwachilieni. Kisha mlango wafungwa, naye haonekani tena. Wale 12 wabishana sana juu ya shaka hiyo. Waagiza kisu, waagiza ramani ya nyumba, nao waletewa. Bali kwa hakimu hawapeleki swali hata moja, kana kwamba sheria yajieleza yenyewe.

Katika mahakama za kweli za Marekani, raia hao waweza kuandika swali na kumpelekea hakimu, na jibu lake laweza kuwa uzima au mauti. Mwaka 1993, katika jimbo la Virginia, walioamua adhabu ya Lonnie Weeks, aliyemwua askari, waliuliza hivi: je, sheria yatulazimisha kumhukumu afe, au twaweza kuchagua kifungo cha maisha? Jibu fupi lilikuwapo: haiwalazimishi. Hakimu aliwaelekeza tu kwenye fungu la maagizo waliyokuwa nayo mkononi. Baada ya saa mbili na zaidi walirudi na hukumu ya kifo, wengi wao wakitokwa na machozi. Mwaka 2000 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile, mahakimu 5 dhidi ya 4, ilikubali kwamba jibu lile latosha. Weeks aliuawa Machi mwaka ule ule.

Sisi tunaofundisha wakatekumeni twalijua kosa hilo. Mtu akiuliza kwa sababu hakufahamu maneno, kumsomea maneno yale yale si kumjibu.

Jirani zetu wa Tanzania waliliona. Katika kesi za mauaji hakimu aliketi na wazee wa baraza, desturi ambayo tangu 2022 si lazima tena. Alipaswa kuwafafanulia sheria kabla ya kuwauliza maoni yao. Asipofanya hivyo, mara nyingi Mahakama ya Rufani ilifuta kesi nzima.

Hapa Kisangani hatuna raia 12. Mahakimu wenyewe huamua. Hata hivyo neno hili latuhusu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, yaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoifahamu. Basi, ndugu, tukiitwa mahakamani, au tukiketi wenyewe kuamua ugomvi mtaani, tusione haya kuuliza. Na tukiulizwa, tujibu mpaka mwenzetu afahamu.