Namna ya Kuukosoa Mchoro wa Anayeanza

Wanafunzi wa kuchora katika miji inayouzunguka Mlima Kenya huambiwa mambo mawili tu. "Umejaribu," huambiwa mmoja. "Una kipaji," huambiwa jirani yake. Wote wawili hurudi mezani bila kujua penseli iguse wapi. Ukosoaji wenye faida ni ule unaoweza kuhakikishwa: hutaja sehemu moja ya karatasi, kisha humtuma mchoraji akaitazame sehemu hiyohiyo kwenye kitu chenyewe.

Anayeanzia Nyeri ni nadra akose kuuchora mlima, na mlima ndio humfichua kwanza. Huuchora pembetatu yenye pande kali, ncha moja katikati, na theluji ya kutosha kujaza pipa. Huo ni mlima wa kalenda. Mkosoaji asibishane naye. Amtoe nje asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, amwambie anyooshe mkono, afumbe jicho moja na kuupima mlima kwa penseli. Vilele viko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka mjini. Batian, kilele kirefu kuliko vyote, ina mita 5,199, lakini kwa umbali huo, kuanzia usawa wa mji hadi juu kabisa, mlima haufiki sentimita 5 za penseli. Miteremko yake nayo inatambaa polepole kwenda kulia na kushoto. Juu hakuna ncha moja, kuna majabali yaliyochongoka, na weusi wa mwamba unazidi weupe, maana barafu ya Lewis na wenzake imepungua mno tangu karne iliyopita. Mwanafunzi akirudi ndani, hahitaji kuambiwa amekosea. Amekwisha kujionea.

Somo la pili liko jikoni: sufuria tupu juu ya meza. Mwanafunzi anajua mdomo wa sufuria ni mviringo, kwa hiyo anauchora mviringo kamili. Anajua pia kwamba sufuria imekaa sawasawa mezani, kwa hiyo kitako anakipigia mstari ulionyooka. Sufuria ya namna hiyo haipo duniani. Kwa mtu aliyeketi, mdomo huonekana kama duaradufu, nao ukingo wa chini hupinda zaidi kuliko mdomo, kwa sababu jicho huutazama kutoka juu zaidi. Mkosoaji akague mahali pawili. Kwanza, ncha za duaradufu: zikiwa kali kama za jani la chai, mkono uliharakisha kwenye kona. Pili, kitako: kikiwa kimenyooka, mchoraji alichora anachokijua badala ya anachokiona.

Halafu mistari. Mstari uliokwaruzwakwaruzwa mara kumi ni dalili ya woga, lakini mistari miwili mitatu hafifu inayotafuta umbo ni dalili njema, wala haifai kufutwa. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyeishi kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan mjini Nyeri hadi kifo chake Januari 1941, alichora kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Katika kitabu chake cha 1915 alisimulia jinsi ramani za ngome zilivyofichwa ndani ya michoro ya vipepeo. Katika mchoro kama huo kila mstari una kazi. Ndilo swali la kumuuliza anayeanza, kidole kikiwa juu ya karatasi: mstari huu unafanya nini hapa?

Kivuli nacho kina hila zake katika nchi ya Ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, na vivuli hujikusanya chini ya vitu. Mchoro wa uwanjani wenye vivuli virefu, uliofanywa saa hiyo, umebuniwa au umetolewa kwenye picha ya simu. Mwanafunzi aulizwe mwanga ulitoka upande gani. Akisita, aanze upya saa tatu asubuhi au saa kumi jioni.

Namna ya kusema ina uzito wake. Kosa moja kwa kikao latosha, na vipimo vitangulie kivuli, kwa kuwa sufuria iliyopinda haiponi kwa kupakwa weusi. Mkosoaji asiishike penseli ya mwanafunzi wala kusahihisha juu ya mchoro wake. Aonyeshe kwenye karatasi ya pembeni. Anayepokea naye asikimbilie kujitetea. Badala ya "Lakini mwalimu, karatasi ilikuwa mbaya," aulize, "Mwalimu, ni wapi hasa?" Kisha akapime mwenyewe. Mwalimu pia hukosea, na aliyeketi kiti kingine huona sufuria nyingine, kwa hiyo akosoaye na aketi kwanza mahali alipoketi mchoraji.

Mchoro hupimwa pia kwa kazi yake. Januari 1943, Felice Benuzzi na wafungwa wa vita wenzake wawili, Waitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki ili kuupanda mlima. Hawakuwa na ramani. Miongoni mwa vielelezo vyao vichache ilikuwamo picha ya mlima kwenye kopo la nyama la Kenylon. Batian iliwashinda, wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini. Picha ile ilitosha kupamba kopo, lakini kwa mtu anayetafuta pa kuweka mguu ilikuwa na upungufu mwingi.

Uigaji ndio wa mwisho kukaguliwa. Katika kanisa kuu la Mtakatifu James mjini Murang'a kuna michoro ya ukutani ambayo Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, aliichora mwishoni mwa miaka ya 1950. Alimchora Yesu Mwafrika, katika mandhari ya Kiafrika, badala ya kunakili picha takatifu zilizoletwa kutoka Ulaya. Anayeanza anaweza kunakili ili kuufunza mkono, mradi aseme amenakili, na kazi hiyo isiwekwe fungu moja na ile aliyochora kwa kutazama.

Sufuria ikishapita ukaguzi wa mdomo, kitako na kivuli, mwanafunzi aandike tarehe nyuma ya karatasi, aihifadhi, kisha apewe sufuria mbili, moja ikiwa mbele ya nyingine.