Pongezi kwa Kina Mama wa Matangani

Mtu akifariki Kangundo, kabla kamati ya mazishi haijachagua mweka hazina, kina mama wa kanisa wameshafika na sufuria. Mmoja anakoka moto, wengine wanachambua maharagwe ya isyo, chakula cha Kikamba cha mahindi na maharagwe, na yupo asiyefanya lolote ila kuketi kando ya mfiwa. Huyo nampongeza kwanza. Hakimbilii kusema "ni mapenzi ya Mungu". Anajua maneno hayo yakiwahi mno huumiza.

Imani yenyewe ilifika huku na msiba wake. Mmisionari Peter Cameron Scott alileta Africa Inland Mission Ukambani mwaka 1895, Kangundo ikawa kati ya vituo vya mwanzo, na kabla 1896 haujaisha alikuwa amefariki. Wala imani hiyo haizuii machozi: Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na tumaini, hakuwakataza kulia. Kina mama hawa wamemwelewa kuliko wahubiri wengi wa mazishini, hasa wanaowaachia wanasiasa kipaza sauti.

Hema likishang'olewa, wao hurudi na unga, wakaomba, wakamsaidia mjane kupalilia. Kwenye shukrani za familia hutajwa mwisho, baada ya wenye viti vya kukodi. Watajwe mapema.