Rokka anakataa kupanga mawe

Jumamosi moja mwaka jana tuliwaonyesha vijana wa kikundi chetu hapa Nakivale filamu ya vita. Vijana wanapenda filamu za vita, sisemi uongo. Ukileta filamu ya ukimwi wanakuja kumi na wawili, wanane wanasinzia. Ukisema ni vita, wanajaa mpaka mlangoni. Hii ilikuwa ya Ufini, inaitwa Tuntematon sotilas, yaani Askari Asiyejulikana. Ni ya mwaka 2017, muongozaji ni Aku Louhimies, na inachukua kama saa tatu. Betri ya sola ilizima kabla ya mwisho, tukamalizia siku ya pili. Walirudi wote. Kwa filamu ambayo watu wanaongea Kifini, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na mimi nimesimama pembeni natafsiri kama mkalimani wa kanisani, hiyo peke yake ni sifa.

Naandika maoni haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni swali la kijana mmoja. Ya pili ni barua aliyopata mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, hiyo nitaifikia.

Swali lilikuwa hili: "Hawa watu wachache hivi, kwa nini hawakukimbia?" Watu wakacheka, maana mle ndani wote tulikuwa watu waliokimbia. Lakini hakuna aliyejibu, na mimi pia sikujibu.

Kwanza tuelewane habari yenyewe. Ufini inapakana na Urusi. Wakati ule Wafini hawakufika milioni nne. Tarehe 30 Novemba 1939 jeshi la Umoja wa Kisovieti liliwavamia, wakapigana kwenye baridi mpaka Machi 1940. Hawakumezwa, lakini walipoteza ardhi, hasa Karelia. Mwaka 1941 wakaingia vitani tena, safari hii upande mmoja na Ujerumani ya Hitler, wakitaka kurudisha kilichochukuliwa. Wakakirudisha, wakavuka hata mpaka wa zamani, halafu mwaka 1944 wakasukumwa nyuma na kupoteza tena. Filamu ni ya vita hii ya pili. Inafuata kombania moja ya bunduki za rashasha tangu safari ya kwenda mpaka safari ya kurudi.

Imetoka kwenye kitabu cha Väinö Linna cha mwaka 1954. Nimekisoma kwa Kiingereza, kwenye simu, usiku. Linna mwenyewe alipigana vita ile, na alipoandika kitabu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Tampere. Shule yake ilikuwa ya msingi tu. Nalisema hili kwa vijana wanaoniambia eti mpaka mtu afike chuo kikuu ndipo aandike.

Sasa nirudi kwenye swali. Wengi wakiangalia filamu hii watasema: waliipenda nchi yao. Ni jibu rahisi, na Linna halipendi. Yumo ofisa kijana anaitwa Kariluoto, anakuja vitani amejaa maneno makubwa ya taifa na damu. Kwenye vita ya kwanza maneno yale hayamsaidii kitu. Anajifunza kazi pale maneno yanapomwisha. Wale askari wa kawaida wanayacheka maneno hayo kuanzia mwanzo. Wanalalamika njaa, wanaiba chakula, wanatania wakubwa. Mmoja, Lahtinen, ni mkomunisti kabisa, haamini vita hii hata kidogo na anasema wazi mbele ya wenzake. Na huyo huyo Lahtinen anakufa kwenye rashasha yake, hajaikimbia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ari ya jeshi, kwa Linna, si wimbo. Ni askari kuwa na ruhusa ya kubisha na bado akahesabika kuwa mmoja wao. Kuna sehemu ambayo vijana wetu waliipigia makofi kuliko mizinga yote. Vita imetulia, watu wako kwenye mahandaki, na ofisa mmoja, Lammio, anataka njia za pale zipambwe kwa mawe ili kambi ipendeze. Rokka anakataa. Rokka ni koplo, mkulima, mtu mzima mwenye watoto, na ndiye mpiganaji hodari kuliko wote. Anaona hakuja huku kupanga mawe. Anatishwa na mahakama ya kijeshi, hatetemeki. Kila kijana aliyewahi kupanga mstari kwenye jua kwa amri ya mtu mwenye fulana ya mradi anaijua sehemu hii.

Halafu mwangalie Koskela. Ametoka familia ya wakulima wadogo, amepanda cheo kutoka chini, anakula na watu wake, haongei sana. Kwake hakuna anayebisha, na wala hajakataza mtu kubisha. Linna anatuwekea maofisa hawa wawili, Lammio na Koskela, bila kutuhubiria, na mwenye macho anaona ni nani anayelijenga jeshi na ni nani analibomoa. Kwenye kitabu kuna jambo zito zaidi. Wakati wa kurudi nyuma mwaka 1944, kamanda mmoja aliyechanganyikiwa kwa hasira anampiga risasi askari wake mwenyewe mbele ya wenzake, ili watu waogope na wasimame. Ukisoma hapo unasikia kitu kimekatika ambacho Warusi hawakuweza kukikata.

Kitu cha pili nilichokiona, sijasikia mtu akikisema, labda kwa sababu wanaoandika juu ya filamu hii hawakai kwenye kambi. Rokka ni mkimbizi. Kwao ni Karelia. Nyumba yake ilibaki upande wa pili mwaka 1940. Watu zaidi ya laki nne walitoka kule, na katika nchi ndogo kama ile ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi. Wengi walirudi mwaka 1942 na 1943, wakajenga, wakapanda, halafu mwaka 1944 wakafunga tena mizigo. Filamu inatuonyesha mke wa Rokka na watoto na shamba, na mimi nasema hizo ndizo dakika bora za saa tatu zile. Unamwona mtu akivuna akijua pengine hatakula.

Kwa hiyo kijana aliyeuliza kwa nini hawakukimbia, jibu ni kwamba walikimbia. Walikimbia mara mbili. Lakini walipokimbia, kulikuwa na nchi nyuma yao iliyowapokea kama watu wake. Mwaka 1945 ilipitishwa sheria ya kuwagawia ardhi wao pamoja na askari waliorudi. Nchi masikini, imeshindwa vita, inalipa fidia kwa mshindi, na bado inakata mashamba kuwapa waliofukuzwa. Mimi nadhani utayari wa taifa dogo unaanzia hapo. Kabla hujahesabu bunduki, uliza: mtu akipoteza nyumba kwa ajili ya nchi hii, nchi itamjua?

Sisi Wakongo tuko zaidi ya milioni mia moja, hatuwezi kujiita taifa dogo. Januari 2025 Goma ilipoanguka, vijana wangu walikesha na simu wakiuliza jeshi liko wapi. Mle chumbani wamo pia Wanyarwanda na Warundi, kwa hiyo nachunga ulimi, na sitaki gazeti hili litugombanishe tunaochota maji bomba moja. Ninachosema kinatuhusu sisi wenyewe. Askari ambaye mshahara wake unaliwa njiani, ambaye mke wake anafuata mstari wa mbele na sufuria kichwani, huwezi kumtia ari kwa hotuba.

Filamu ina makosa, nayo niyaseme. Louhimies anapenda moto kupita kiasi. Milipuko inarudi na kurudi mpaka unazoea, na Linna hakutaka tuzoee. Adui karibu hana uso, anatoka msituni, anaanguka. Na kuna jambo filamu inalipita haraka mno: Wafini walipoiteka Karelia ya upande wa Urusi, waliwafungia raia wa Kirusi kwenye makambi, na maelfu walikufa humo. Taifa dogo nalo linaweza kuwa jirani mwenye nguvu kwa mtu mwingine. Mkimbizi anayeangalia filamu hii asiambiwe nusu. Kama ningekuwa na nafasi ya kumuuliza muongozaji kitu kimoja, ningemuuliza kwa nini kamera ilikaa sana kwenye moto na kidogo kwenye makambi yale.

Sasa barua. Mdogo wangu aliondoka hapa na wazazi wake kwenda Ufini kwa mpango wa kuhamishwa, akiwa mtoto. Sasa ana uraia na amefikisha miaka 18. Kule kila raia mwanaume anaitwa. Alinitumia sauti: "Yaya, barua imefika. Bananiita mu jeshi. Unaona je?"

Mama mkubwa hataki hata kusikia. Anasema alimtoa mtoto Fizi mgongoni ili asishike bunduki, sasa ampeleke mwenyewe? Siwezi kumlaumu. Kaka yangu alichukuliwa akiwa na miaka 14, njiani, akitoka shambani. Kikundi kile hakikumuuliza umri wala afya. Mpaka leo hatujui alipo. Hakuna aliyemtumia barua.

Nimeliwaza sana neno hilo, barua. Ile ya mdogo wangu inamwita siku fulani, saa fulani, aje apimwe afya na aulizwe. Jeshini muda mfupi ni siku 165. Asipotaka kushika silaha, kuna utumishi wa kiraia wa siku 347. Ni mrefu zaidi ya mara mbili, na mimi naona hiyo ni njia ya kumbana mtu. Lakini mlango upo, umeandikwa kwenye sheria. Kwa mama mkubwa jeshi ni jeshi. Kwangu mimi, aliyechukuliwa njiani na aliyeandikiwa barua hawajaingia kitu kimoja, hata kama bunduki ni ile ile na risasi inaua vile vile. Ufini inahitaji vijana hao. Mpaka wake na Urusi unapita kilomita 1,300, na mwaka 2023 iliingia NATO kwa sababu ya hofu hiyo hiyo ya zamani. Simdanganyi mdogo wangu kwamba ni mchezo.

Sikumwambia aende, sikumwambia akatae. Nilimwambia aangalie filamu hii pamoja na mama yake, amtafsirie kama mimi nilivyotafsiri, na wafike pale pa mawe. Akacheka: "Hiyo tulionyeshwa shuleni, yaya." Nikamuuliza, na mama je? Akanyamaza kidogo. Hajawahi kuiona.

Sasa wanapanga Jumapili moja waikalie pamoja. Nami namsubiri aniambie mama mkubwa alisema nini alipoona watu wa Karelia wakipakia mikokoteni.