Mafundi wa Baruti na Mwamba Unaobaki

Njia ya mgodini iliyolipuliwa na fundi hodari hutambulika ukutani. Juu ya mwamba hubaki michirizi mirefu iliyonyooka, kila mmoja ukiwa nusu ya tundu lililotiwa baruti: nusu moja imeondoka na kifusi, nyingine imesalia. Wahandisi huihesabu. Michirizi mingi ina maana kwamba mwamba unaobaki haukujeruhiwa. Isipoonekana, huenda baruti ilizidi, na nyufa zimepenya kwenye dari ambayo watu watapita chini yake kwa miaka mingi.

Matundu hayalipuki kwa pamoja. Katikati huachwa machache matupu, ili jiwe la kwanza kuvunjika lipate pa kwenda. Kisha fataki huamsha matundu ya jirani, moja baada ya jingine, kwa kupishana sehemu ndogo za sekunde. Yale ya kandokando ya dari na kuta husubiri hadi karibu na mwisho, tena hutiwa baruti hafifu. Aliye mbali husikia mngurumo mmoja tu. Fundi alikuwa amepanga milipuko kadhaa, na kila mmoja alijua zamu yake.

Kadiri mgodi unavyozama, makosa husamehewa kidogo. Kwenye kina cha kilomita moja, uzito wa miamba iliyo juu hukandamiza kwa takriban mara 270 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Mponeng, Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu wameufikia ukanda wa kilomita nne. Njia inapofunguliwa huko, mzigo uliobebwa na jiwe lililotolewa huhamia pembeni, na mwamba mgumu uliolemewa unaweza kupasuka ghafla na kurusha mawe. Katika migodi ya dhahabu ya nchi hiyo wamebuni njia ninayoiona kuwa kilele cha ufundi huu: hutoboa matundu marefu mbele ya uso wa kazi na kuyalipua ili kuuchosha mwamba, mzigo usogee mbali na watu.

Hatari hiyo haiko huko tu. Kiruna, kaskazini mwa Sweden, kampuni ya LKAB hulipua usiku katika mgodi wake wa chuma. Tarehe 18 Mei 2020, saa tisa usiku, mgodi huo ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 4.9. Njia nyingi ziliharibika, hakuna aliyeumia. Mgodi wa El Teniente, Chile, haukuwa na bahati hiyo: tarehe 31 Julai 2025, tetemeko la 4.2 liliua wachimbaji sita.

Ndiyo maana sehemu ngumu zaidi ya kazi huja baada ya moshi. Mwaka 1894 Mjapani Fusakichi Omori alionyesha kwamba mitetemo inayofuata tetemeko hupungua kwa utaratibu kadiri muda unavyopita. Migodini nako, vipima mitetemo vilivyopachikwa ndani ya mwamba hufuatilia kupungua huko, na wataalamu hukaa wakihesabu milio hadi mwamba utulie. Ndipo mafundi huingia na mitaimbo kuangusha mawe yaliyolegea, kabla ya kufunga nondo na wavu.

Saa hizo za kusubiri hazitoi hata kilo moja ya madini. Wenye migodi wazilipe kama saa nyingine yoyote ya kazi, na msimamizi asimharakishe fundi anayesema bado.