Diski ya Njia ya Ngomo: Jinsi Kompyuta ya Nyumbani Ilivyoandaliwa Kuchoma Muziki wa Gari

Anayetaka kuchoma diski za muziki kwa ajili ya gari kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya draivu ya kuchomea. Swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kufungua kasha la kompyuta inafaa uende garini, uwashe redio, ujue inasoma nini, inakataa nini, na gari lenyewe litapita njia gani. Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika Kamanyola mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye kompyuta ya mezani ya nyumbani. Ilifaulu kwa sababu kila kifaa kilichoongezwa kilijibu hitaji lililoonekana kwanza garini.

Gari na njia yake

Kamanyola iko mlangoni mwa bonde la Ruzizi, pale ambapo Kongo inapakana na Rwanda na Burundi. Ukitoka Bukavu, barabara ya taifa namba 5 hupita Nyangezi, hujikunja kwenye kuta za milima ya Ngomo, kisha huteremka hadi kwenye joto la bonde na kuendelea Luvungi, Sange na Uvira.

Katika safari hiyo redio haina msaada mkubwa, na sababu ni mbili. Kwanza ni milima. Mawimbi ya FM hupenda njia iliyonyooka. Mlima ukisimama kati ya gari na mnara wa Bukavu, sauti hukwaruza na kupotea. Pili ni asili ya gari. Magari mengi yaliyotumika yanayofika mashariki ya Kongo hutoka Japani, na redio zake za wakati huo zilitengenezwa kwa masafa ya huko, megahezi 76 hadi 90. Masafa yetu huanzia 87.5 na kufika 108. Redio ya namna hiyo husikia kipande kidogo cha chini tu, na stesheni zilizo juu ya 90 hazipati kabisa mpaka ifungwe kifaa cha kubadilisha masafa.

Kwa hiyo muziki wa njiani ulipaswa kupanda gari pamoja na abiria. Redio ya gari letu ilikuwa na mdomo wa CD, lakini ilisoma CD za muziki za kawaida peke yake, MP3 haikuijua. Jambo hilo moja liliamua karibu kila kitu kilichofuata. Diski ya data ya megabaiti 700 iliyojazwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde hubeba zaidi ya saa 12 za muziki, na kishawishi chake ni kikubwa. Diski ya muziki ya kawaida hubeba dakika 80. Lakini saa 12 ambazo redio haiwezi kuzisoma hazimfaidi msafiri hata dakika moja. Tukachagua dakika 80.

Hesabu ya mkondo

Utaratibu wa CD ya muziki uliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Zidisha na utapata baiti 176,400 kwa sekunde. Diski ya dakika 80 basi ni baiti milioni 847 hivi.

Msomaji makini atauliza: mbona diski hiyohiyo imeandikwa megabaiti 700? Jibu lina uzito kwa mwenye gari. CD hugawanywa katika sekta, 75 kwa kila sekunde. Katika diski ya muziki, baiti zote 2,352 za sekta ni sauti. Katika diski ya data, 2,048 tu ndizo data. Nyingi ya zilizobaki ni ulinzi wa ziada wa kurekebisha makosa. Diski ya muziki haina safu hiyo ya ulinzi. Sehemu isiyosomeka, redio hukisia sauti iliyopotea, na ikishindwa hurukaruka. Gari linalotetemeka juu ya mawe ya Ngomo halitavumilia diski iliyochomwa hovyo.

Hesabu ya pili ni ya kasi. Kuchoma kwa kasi ya mara 8, yaani mara nane ya kasi ya kuicheza diski, kunahitaji baiti milioni 1.4 kila sekunde, bila kukatika. Draivu ina bafa, hifadhi ndogo ambayo katika nyingi za wakati huo ilikuwa ya megabaiti 2. Ichukulie kama bidoni lenye bomba chini: unamimina maji juu huku yakitoka chini, na likikauka kazi imekwisha. Kwa kasi hiyo, bafa ya megabaiti 2 hukauka kwa sekunde moja na nusu. Kompyuta ikisita kwa muda mrefu kuliko huo, leza inakosa cha kuandika na diski imeharibika. Mwaka 2000 Sanyo ilileta teknolojia ya BURN-Proof, inayoisimamisha leza mahali panapojulikana na kuiendeleza data ikirudi. Kwa sababu hiyo tulitafuta draivu yenye kinga ya aina hiyo, na tofauti ya kasi ya juu iliyoandikwa kwenye boksi tukaiweka kando.

Kufungua kasha

Kompyuta ilikuwa Pentium III ya megahezi 500, yenye RAM ya megabaiti 64, diski kuu ya gigabaiti 4 iliyokaribia kujaa, na draivu ya CD ya kusoma tu. Prosesa ilitosha, haikuguswa. RAM ilipandishwa hadi megabaiti 192, kwa sababu Windows 98 ikiishiwa RAM hukimbilia kuandika kwenye diski kuu, na wakati huo ndipo mkondo unaposita.

Diski kuu ya pili ya gigabaiti 20 iliongezwa kwa ajili ya muziki. Kwa nini isiwe ya 40, nafasi ingali ikipatikana? Kompyuta nyingi za kabla ya katikati ya 1999 zina BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, isiyotambua diski inayozidi gigabaiti 33 hivi, na nyingine hukwama zinapowashwa. Gigabaiti 20 zilikuwa salama, na zilitosha faili za diski zaidi ya ishirini.

Kazi iliyohitaji akili zaidi ilikuwa ya waya. Ubao mkuu wa kompyuta za wakati ule una njia mbili za IDE, na kila njia hubeba vifaa viwili kwenye waya mmoja bapa. Kasoro ya IDE ni kwamba vifaa vinavyoshiriki waya hupokezana: kimoja kikizungumza, kingine husubiri. Ukifunga diski yenye muziki na draivu ya kuchomea kwenye waya mmoja, kila tone la data linapita foleni. Kwa hiyo diski kuu zote mbili zilifungwa kwenye njia ya kwanza, nayo draivu ya kuchomea ikawa mkuu wa njia ya pili, jampa yake ya nyuma ikiwekwa sawasawa. Kisha, ndani ya Windows, DMA iliwashwa ili data ipite bila kuishughulisha prosesa kwa kila hatua. Hatua hii haina gharama yoyote, nayo ilisaidia kuliko kifaa chochote kilichonunuliwa.

Kutoka kaseti hadi faili

Sehemu kubwa ya muziki ilikuwa kwenye kaseti. Kinasa sauti kiliunganishwa na tundu la laini la kadi ya sauti. Tundu la maikrofoni halifai: hutarajia sauti dhaifu, na ukililetea ya kaseti huipasua. Kurekodi kulifanyika kwa 44,100, biti 16, pande mbili, yaani kipimo cha CD yenyewe, ili pasiwe na ubadilishaji baadaye.

Rumba ya Kongo ina hesabu zake. “Mario” ya Franco, iliyotoka mwaka 1985, inazidi dakika 14, na faili yake peke yake hukaribia megabaiti 150. Diski ya nyimbo za urefu huo haibebi zaidi ya tano. Kaseti ya dakika 90 nayo haiingii nzima. Ama unaigawa, ama unaacha wimbo mmoja. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, haikatwi katikati ili kuokoa nafasi. Bora diski yenye nyimbo tano kamili kuliko sita zilizokatwa miguu.

Kisha sauti zililinganishwa. Kaseti moja hurekodiwa kwa nguvu, nyingine kwa unyonge, na dereva anayeinamia kitufe cha sauti kwenye kona za Ngomo anahatarisha watu. Nyimbo zilizokuwa MP3 zilifunguliwa kwanza zikawa faili za WAV, ili kompyuta isifanye kazi mbili wakati wa kuchoma.

Dakika kumi za kuchoma

Diski zilikuwa CD-R. Zile za kuandika na kufuta, CD-RW, hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga wa leza ikilinganishwa na CD-R, na redio nyingi za zamani hazizioni kabisa.

Kasi ilikuwa mara 8, na sababu yake ilikuwa umeme. BURN-Proof hailindi diski dhidi ya umeme kukatika. Kwa kasi ya mara 4 diski iliyojaa huchukua dakika 20. Kwa mara 8, dakika 10 na ushee. UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta, inaweza kuvuka dakika hizo iwapo skrini ya kioo kizito itazimwa mara tu kazi inapoanza, kwa kuwa skrini hiyo hula sehemu kubwa ya umeme wa kompyuta. Skrini ilizimwa kila mara.

Diski iliandikwa nzima kwa mkupuo mmoja, bila leza kuzimwa kati ya nyimbo, njia ambayo pia huifunga diski. Kufunga maana yake ni kuandika mwanzoni mwa diski orodha ya nyimbo na mahali zilipo. Diski isiyofungwa draivu iliyoichoma huielewa. Redio ya gari huiona tupu. Juu yake liliandikwa jina kwa kalamu laini ya wino. Karatasi za gundi ziliachwa, kwa kuwa joto la bonde huzibandua na zikinasa ndani ya mdomo wa redio ni hasara. Uso wa juu ulishikwa kwa uangalifu, maana tabaka linalorudisha mwanga limefunikwa na rangi nyembamba tu upande huo.

Kilicholipa

Ukipanga matokeo kwa uzito, mpangilio wa waya na DMA ndio wa kwanza, kisha nafasi ya diski kuu, kisha RAM, na draivu yenye kinga ndipo inapofuata. Wengi hununua kwa mpangilio uliopinduka.

Nakala nyingi zilitoka kwenye kaseti zilizonunuliwa, na zote zilikuwa za gari la nyumbani. Anayezichoma kwa mamia na kuziuza barabarani anakula jasho la mwanamuziki, na ustadi wa kompyuta hauhalalishi jambo hilo.

Leo wengi wamehamia flashi, lakini kanuni imebaki ileile. Redio nyingi za gari husoma flashi iliyopangwa kwa FAT32 na mara nyingi hukataa mipango mingine, na baadhi hazijui faili zaidi ya MP3. Chomeka kwanza flashi yenye wimbo mmoja garini, usikilize, ndipo urudi nyumbani ujaze zilizobaki.