Udongo Kwanza, Mashine Baadaye

Kila Agosti, viwanja vya Nyamhongolo wilayani Ilemela, Mwanza, hujaa mashine zilizong'arishwa kwa ajili ya Nanenane. Mkulima wa Misungwi au Magu, aliyeuza ng'ombe kadhaa na kuongezea fedha ya mpunga, husimama mbele ya pawatila (trekta la magurudumu mawili) ya nguvu za farasi 12. Pembeni yake lipo trekta dogo la magurudumu manne, lenye nguvu mara mbili na bei inayopaa zaidi ya hapo. Muuzaji anasifia vyote viwili. Makala hii ni ya kumsifu mtu mwingine, ambaye hana banda kwenye maonyesho: fundi wa mashine ndogo za kilimo, yule wa kijijini, ambaye kabla hajataja mashine yoyote huuliza, "Shamba lako liko sehemu gani ya mteremko?"

Usukumani swali hilo ndilo lenye jibu la kila kitu. Ukishuka kutoka kwenye miamba mpaka bondeni, udongo hubadilika kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima, na Wasukuma waliupa kila ukanda jina lake. Chini tu ya mawe kuna isanga, mchanga wa chenga. Kisha luseni, mchanga mwepesi unaolimika hata kwa jembe la mkono. Chini zaidi itogolo, wenye mchanga juu na tabaka gumu chini yake. Jirani yake ibambasi, mgumu na mkaidi. Na mwisho kabisa mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, aliupa mpangilio wa namna hii jina la kisayansi ambalo bado linafundishwa vyuoni duniani kote. Mkulima wa hapa alikuwa ameshaupanga kwa miguu yake, na fundi mzuri anaendelea kuusoma hivyohivyo.

Nimewatazama mafundi hawa wakifanya kazi hiyo, na kinachonivutia ni utulivu wao. Fundi hufika shambani mikono mitupu. Huazima jembe na kupiga mara moja, akachukua udongo wa kina cha kiganja, akaufinyanga. Ukisambaratika, ni mkavu mno. Visu vya mashine vitaruka juu yake. Ukiteleza na kung'ang'ania vidole, plau itatoka na donge zima. Ukikaa tonge na kuvunjika kwa kuguswa, hapo pana kazi. Katika mbuga, kipindi hicho cha katikati huwa kifupi sana, na mashine isiyoweza kumaliza shamba ndani yake ni mzigo hata kama ni mpya. Kwa hiyo fundi hahesabu ekari pekee. Huhesabu ekari pamoja na siku ambazo udongo utakubali.

Baada ya hapo hugeukia majaluba. Mpunga wa Mwanza kwa sehemu kubwa hulimwa kwenye vijishamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili maji ya mvua yatulie, na hapa fundi huonyesha kina cha maarifa yake. Itogolo hushika maji kwa sababu ya lile tabaka gumu la chini. Trekta kubwa lenye plau ya sahani likilitoboa tabaka hilo, maji huzama na mpunga hukauka ukiwa kwenye jaluba lenye kingo nzuri. Rotaveta ya pawatila, yaani shafti yake ya visu vinavyozunguka, huchimba sentimita 10 hadi 15 tu. Huvuruga tope vizuri, huacha sakafu salama, na hugeuka kwenye kona finyu bila kubomoa kingo. Udogo ambao muuzaji anauombea radhi, jalubani ndio ubora wake.

Si ajabu, kwani mashine hii ililelewa na mpunga. Ilienea katika mashamba ya maji ya Japani, China na Thailand. Bangladeshi ina mamia ya maelfu ya pawatila, na serikali yake ililegeza masharti ya kuziingiza baada ya maafa ya mwaka 1988 kuua ng'ombe wengi wa kulimia. Kaskazini mwa Japani, mashine za ukoo huohuo hufungwa kifaa cha kusukuma theluji mlangoni. Kila nchi huifungia kifaa kinachojibu kile ambacho majira yanailetea. Sisi majira hutuletea tope, magunia na maji ya kupandisha.

Basi tuanze na tope. Kwa jaluba lililojaa maji, fundi huagiza raba zivuliwe na kuvalishwa magurudumu ya chuma yenye mbavu, ambayo wachomeleaji wa Nyakato mjini Mwanza huweza kuyatengeneza. Upana wake huamua kama mashine itaelea au itazama, na mbavu zake hukata majani na kuyachanganya na tope mashine inapopita. Kisha hukagua visu vya rotaveta. Vipo kumi na kadhaa, vya kupinda kulia na vya kupinda kushoto, na kila kimoja kina nafasi yake kwenye shafti. Vikipangwa vyote vikitazama katikati, shamba litaachwa na tuta; vikitazama nje, litaachwa na mfereji. Vikipishana inavyotakiwa, jaluba hubaki sawa na maji husambaa kwa kina kimoja, na miche hukua pamoja. Nimemwona fundi akifungua visu vyote vya mashine mpya iliyotoka dukani na kuvipanga upya, bila kumlaumu mtu, akifuta kila bolti kabla ya kuirudisha.

Kwenye luseni, fundi huyohuyo hubadilisha ushauri kabisa. Mchanga mwepesi ukisagwa na rotaveta huwa vumbi, mvua ya kwanza huondoka nao, na visu huliwa haraka. Hapo hupendekeza plau ndogo na kifaa cha kuinulia matuta, kwa kufuata kilimo cha matuta ambacho watafiti wa kituo cha Ukiriguru walikihimiza tangu enzi za ukoloni, pamoja na kufunga mifereji kwa vizuizi vidogo ili maji yasikimbie. Na kama shamba lote ni la mchanga na mkulima ana maksai wazima, fundi mwaminifu humwambia abaki na maksai wake. Kwa ushauri huo anapoteza kazi ya matengenezo ya miaka mingi, na bado huutoa. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo katika ufundi wowote.

Nguvu ya injini nayo huisoma kwa jicho la Mwanza. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yako juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibati. Farasi 12 wa kiwandani hapa ni kama 11. Kwa rotaveta na tela hao wanatosha. Kwa plau kwenye ibambasi hawatoshi, na hata wangetosha, mashine yenyewe ni nyepesi mno, raba zitazunguka mahali pamoja. Huko ndiko trekta la magurudumu manne linakostahili bei yake, kwa mtu mwenye ekari za kutosha au majirani wa kulikodi.

Wanaolima mboga karibu na ziwa huhitaji pampu inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ileile. Hewa hiyo nyepesi hupunguza pia kina ambacho pampu inaweza kunyonya, kwa hiyo fundi hupenda isikae zaidi ya mita sita juu ya maji. Upande wa kusukuma, bomba huhitaji kuwa refu, maana sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, na shamba lazima liwe nje yake. Mdomo wa bomba la kunyonya hufungwa chujio pana, kwa sababu gugumaji likisukumwa na upepo hufika bila taarifa na kuziba kila kitu. Waliolima karibu mno na maji walipata somo mwaka 2020 na tena 2024, ziwa lilipofura na kumeza bustani za ufukweni. Vifaa vinavyohamishika viliokolewa.

Lakini kifaa kinacholipa mkopo ni tela. Kulima ni kazi ya wiki chache. Mizigo ni ya mwaka mzima: mpunga kwenda mashineni, mchanga, matofali, kuni, madumu ya maji. Tela la kawaida la pawatila hubeba takriban tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia. Fundi hukagua pini ya kuunganishia, breki za tela lenyewe, na ulingano wa mzigo juu ya ekseli. Kisha humfundisha dereva jambo ambalo limeokoa maisha katika mji huu wa mawe na miteremko. Pawatila hukata kona kwa klachi mbili ndogo zilizo chini ya mikono. Ukibana ya kushoto kwenye tambarare, gurudumu la kushoto huachiwa na mashine huenda kushoto. Ukibana hiyohiyo ukishuka mlima na mzigo, gurudumu lililoachiwa hukimbia kuliko mwenzake, na mashine huruka kulia. Dereva anayejua hili hupunguza gia kabla ya mteremko, huachana na klachi hizo, na huielekeza kwa nguvu ya mikono. Fundi hatoi somo hili kwa maneno tu. Hupanda telani na kushuka pamoja na mwanafunzi, polepole, mpaka mikono ya mwanafunzi huyo ikubali.

Mwisho ndipo anapofika kwenye ununuzi wenyewe. Huja asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hajafika huficha mengi. Huizungusha kwa hendeli mwenyewe ili mkono wake usikie mgandamizo. Huutazama moshi: mweusi ni mzigo au chujio chafu, wa bluu ni oili inayoungua. Huchomoa kijiti cha oili ya rotaveta. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya jaluba yameshaingia. Hubonyeza mikanda kwa dole gumba. Na huuliza swali moja ambalo huwatenganisha wauzaji: sili, mikanda na nozeli za mashine hii zinapatikana hapa mjini, leo?

Swali hilo tulilipuuza kama taifa. Kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, halmashauri nyingi zilinunua pawatila na kuzigawa kwa vikundi. Penye mpunga, maji na fundi, zilifanya kazi. Penye udongo mkavu na mgumu, pasipo spea wala mtu aliyefundishwa kuziendesha, nyingi zilisimama chini ya miti. Mashine zilikuwa zilezile. Kilichopungua ni mtu wa kutembea shambani kwanza.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujalipa hata shilingi ya utangulizi, mtafute fundi huyo na mpeleke shambani kwako, juu mpaka bondeni. Mlipe siku yake na nauli yake, kwa sababu ushauri wake ni kazi kamili. Nanyi viongozi wa ushirika na halmashauri, mnapopanga bajeti ya mashine, wekeni ndani yake fungu la fundi anayesoma udongo, na saini yake itangulie ya mnunuzi.