Jiko jipya la moshi: joto linatawaliwa kwenye matundu ya chini

Mwaka 1981 kampuni ya Weber ya Marekani, inayojulikana zaidi kwa majiko ya duara ya kuchomea nyama, ilianza kuuza jiko la moshi liitwalo Smokey Mountain. Kwa umbo ni pipa jeusi la vipande vitatu vinavyopandana: bakuli la mkaa chini, kiwiliwili chenye karai la maji na nyavu mbili katikati, kisha mfuniko. Halina feni, halina umeme, halina kitufe. Lina matundu matatu ya hewa chini na moja juu, basi. Kwa matundu hayo manne mpishi anatakiwa kushikilia joto la nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi kwa saa 10 au zaidi, mpaka kidari cha ng'ombe kilainike.

Wengi wanaolitumia mara ya kwanza hukutana na shida ileile. Joto linapanda, linapita nyuzi 140, na hata matundu yakibanwa haliteremki haraka.

Kiini chake kiko kwenye hewa. Kilo moja ya kaboni ikiungua kabisa hula kilo 2.7 hivi za oksijeni, na ili kuipata oksijeni hiyo zinahitajika zaidi ya kilo 11 za hewa, yaani karibu mita 10 za ujazo. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Katika jiko lililofungwa, wingi wa mkaa unaamua moto utadumu muda gani. Ukali wake unaamuliwa na hewa inayoingia. Aliyekulia kwenye jiko la mkaa la udongo na bati anakijua kile kimlango cha chini, lakini jiko lake liko wazi juu, makaa yanapata hewa kila upande, na kimlango kikikosewa kidogo sufuria ya maharage haiharibiki. Kwenye jiko la moshi, ufa mwembamba tu unatosha kuongeza nyuzi ambazo hakuna aliyeziomba.

Na jiko jipya lina nyufa. Mlango wa pembeni, wa bati jembamba la aluminiamu, mara nyingi haukai sawasawa kwenye mviringo wa kiwiliwili. Mahali vipande vinapopandana nako hupenyeza. Mapishi yakirudiwa, mafuta na masizi hugandia kwenye nyufa hizo na jiko lilelile linatulia. Wapishi wengine hawasubiri: wanaukunja mlango kidogo kwa mikono hadi uukubali mviringo, na mapishi ya mwanzo wanayafanya kwa kuku au bega la nguruwe, nyama zisizodhurika joto likipanda. Huo ni uamuzi wa busara. Kidari ni nyama ya bei, na jiko ambalo tabia yake haijajulikana si mahali pa kukijaribia.

Hatua iliyobadilisha zaidi matumizi ya jiko hili ilihusu namna ya kuwasha. Jim Minion, mpishi wa mashindano kutoka jimbo la Washington, ndiye aliyeipa jina lake njia inayofuatwa na wengi hadi leo. Bakuli linajazwa mkaa mbichi, kisha makaa machache yaliyokolea yanamwagwa juu yake. Moto unashuka taratibu, kaa moja likiwasha jirani yake, kwa saa nyingi bila kuongezwa kitu. Mkaa wote ukiwashwa kwa pamoja, jiko linaanza safari likiwa limeshapitiliza, na kulirudisha ni kazi kubwa, kwa sababu chuma kimepata moto na makaa yaliyokolea hayazimiki kwa kubanwa hewa dakika mbili. Kwa hiyo matundu ya chini yaanze kubanwa joto likiwa bado njiani, linapokaribia nyuzi 95 hivi. Kisha mpishi asubiri. Kila badiliko linahitaji robo saa au zaidi kabla ya kujionyesha, na anayegusa tundu kila baada ya dakika tatu anajibu hali iliyokwisha kupita.

Tundu la juu liachwe wazi. Likibanwa, moshi mchafu unabaki ndani, moto unafuka badala ya kuwaka, na nyama inapata uchungu wa masizi. Moshi mweupe mzito ni dalili ya hilo. Unaotakiwa ni mwembamba, wa kibuluu, unaoonekana kwa shida.

Karai la maji nalo lina kazi ambayo hudharauliwa. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke hula nishati zaidi ya mara sita ya ile iliyotumika kuyachemsha kutoka nyuzi 20. Joto la ziada linaishia humo, na karai linaikinga nyama na makaa yaliyo chini yake. Lakini maji yakikauka bila mpishi kujua, jiko linapanda ghafla.

Kufungua mfuniko ndiko kunakodanganya kuliko yote. Hewa ya moto inatoka, kipimajoto kinaanguka, na mpishi anafungua matundu ili kufidia. Kumbe wakati huohuo makaa yamepata oksijeni tele. Mfuniko ukirudishwa, joto linapanda kupita lilipokuwa. Dawa ni kutogusa matundu.

Kipimajoto chenyewe kihakikiwe kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam kitasoma 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kisome kama 94, na hilo si kosa la kifaa. Kihisio kiwekwe kwenye wavu, karibu na nyama, kwa sababu kipimo cha mfuniko kinasoma mahali pengine.

Kisha kuna saa ambayo nyama inakwama. Ndani ya kidari joto linafika nyuzi 65 au 70 hivi, halafu halisogei kwa muda mrefu, ingawa jiko liko sawa. Mwanafizikia Greg Blonder alilipima jambo hili kwa sponji iliyoloweshwa maji na bonge la mafuta ya ng'ombe. Mafuta yalipanda bila kusita, sponji ilikwama. Maji yanayovukizwa kwenye uso wa nyama yanaondoka na joto kwa kasi ileile linayoingia nayo. Anayefungua matundu kwa hofu anaharibu kazi ya saa nyingi. Ambaye hana muda huifunga nyama kwenye foili, mvuke ukose pa kutokea, na joto la ndani linaanza tena kupanda kuelekea nyuzi 95.

Kazi ikiisha, matundu yote manne yafungwe na jiko libaki nje: makaa yanayokufa hutoa monoksidi ya kaboni, nayo haina harufu. Mkaa uliobaki unatumika tena. Kama asubuhi ni majivu matupu, hewa bado inapenya, na mahali pa kwanza pa kukagua ni ule mlango wa pembeni.